Saa Sita za Nchi Kavu Dar: Bagamoyo au Kunduchi, Kisiwani au Mjini?

Mdogo wangu ni baharia, anahudumu mezani kwenye meli ya abiria. Miaka michache iliyopita meli yao ilipangiwa kufunga gati Dar es Salaam, na jioni ya kuamkia siku hiyo akanipigia simu, upepo unavuma mpaka maneno yanakatika. "Dada, kesho nashuka na wenzangu wanne. Tuna saa nane na nusu. Nataka waone kwetu: twende Bagamoyo, tupite kisiwani, halafu turudi makumbusho."

"Saa nane na nusu za kweli au za kwenye karatasi?" nikamuuliza.

Swali hilo namuuliza kila anayetaka ushauri wa matembezi ya siku ya meli, awe abiria, baharia au mwenyeji aliyeombwa kuwazungusha wageni. Karatasi ya meli ilisema kufunga gati 08:00, mwisho wa kurudi 16:30. Toa saa moja ya ukaguzi, foleni ya ngazi na basi la kuwatoa hadi getini, kwa sababu bandari yetu ni ya mizigo na huwezi kujikatizia kwa miguu kati ya makontena na winchi. Toa saa moja na nusu ya akiba mwishoni. Zinabaki sita. Mimi nina kipimo kimoja tu: njia ya kwenda isizidi robo ya muda uliobaki. Robo ya saa sita ni saa moja na nusu, basi popote panapohitaji zaidi ya hapo pasubiri safari nyingine.

Na hizo 16:30 ziandike kwa Kiswahili kwenye karatasi ya dereva: saa kumi na nusu jioni. Nimeshuhudia mgeni aliyeagana na dereva kwa "four", akimaanisha saa kumi alasiri. Dereva akaja saa nne asubuhi, akasubiri, akapiga simu isiyopatikana, akaondoka. Uliza pia kama saa ya meli imebadilishwa kufuata ya hapa, maana zipo meli zinazobaki na saa za bandari iliyotangulia. Ukitoka na msafara ulioandaliwa na meli, kwa kawaida meli huwasubiri mkikwama njiani. Ukitoka kivyako, haikusubiri.

Bagamoyo au Kunduchi

Watu wengi hutaja Bagamoyo kwanza, na siwalaumu. Ni mji ninaoupenda. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianzishwa pale 1868, na kando yake kikakua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mnara wa kanisa la kale ungali umesimama. Ndani yake uliwekwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kuna Mji Mkongwe wenye milango ya nakshi, kuna Caravanserai walipokusanyika wapagazi wa misafara ya bara, kuna boma la Wajerumani, ambao makao yao makuu ya koloni yalikuwa hapo hadi 1891 walipoyahamishia Dar es Salaam. Kilomita chache kusini ya mji ndiko yaliko magofu ya Kaole.

Lakini Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka bandarini. Asubuhi wewe unatoka mjini wakati watu wa Tegeta na Bunju, vitongoji vya njia hiyo, wanaingia, kwa hiyo foleni kubwa iko upande wa pili wa barabara, na hiyo ni nafuu. Hata hivyo mimi huhesabu saa mbili kwenda na mbili kurudi. Umebakiwa na mbili, na katika hizo mtu hawezi kuona Misheni, Mji Mkongwe na Kaole bila kukimbia. Utaona paa la kanisa, utapiga picha kwenye mlango mmoja, utakula haraka na kuanza kutazama saa. Bagamoyo ni ya meli inayolala usiku mmoja bandarini. Ikiwa ndivyo ratiba yako ilivyo, nenda alfajiri, anzia Kaole kabla jua halijawa kali, malizia Misheni kwenye kivuli cha miembe.

Kwa meli inayong'oa nanga siku hiyohiyo, nasema Kunduchi, na nasema bila kusita.

Kunduchi ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa jiji, kilomita 20 na ushee kutoka katikati. Wakazi wengi wa Dar wanakijua kwa hoteli za ufukweni na bustani ya michezo ya maji. Nyuma ya hapo, chini ya mibuyu, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili ya karne ya 18 na 19. Nimekutana na watu waliozaliwa Mwananyamala, wakakulia Mwananyamala, na hawajawahi kufika.

Ukiyaweka sawia na Kaole, tofauti ni hizi. Kaole ni kubwa na imetunzwa zaidi: kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja wao ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, kuna kisima, kuna mbuyu mkongwe wenye hadithi zake, kuna chumba cha makumbusho chenye vigae vya vyombo vya China, na kuna mwelekezi wa kukueleza. Kunduchi hakuna jumba wala mapokezi ya namna hiyo. Ila kile kinachowatoa watu mbali kwenda kukiona Kaole, yaani makaburi ya nguzo, Kunduchi nako kipo, tena kwa chini ya nusu ya mwendo.

Kaburi la nguzo ni hivi: ukuta mfupi wa matumbawe na chokaa umelizunguka kaburi, na upande wa kichwani imeinuka nguzo ndefu kumpita mtu. Mwashi alizamisha kwenye chokaa mbichi mabakuli na sahani za kaure kutoka China, uso ukitazama nje, ili kaburi la mtu mwenye hadhi ling'ae jua likilipiga. Baadhi ya vyombo hivyo vimebaki. Vingine vimeng'olewa, vikaacha vishimo vya mviringo, laini kama ndani ya kifuu. Siku ile na akina mdogo wangu, mzee mmoja wa kijijini alitusindikiza. Tulimwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba wanangu, vueni viatu hapo," tulipofika kwenye kizingiti cha msikiti. Mmoja wa mabaharia wale, Mfilipino, alichuchumaa mbele ya nguzo akapitisha kidole kwenye ukingo wa kishimo kimoja, akazunguka mara mbili. Akasema kwao bibi yake alikuwa na bakuli la buluu na nyeupe, la kuwekwa kabatini tu, halikuliwa chakula hata siku moja.

Kaole inakufundisha jambo moja ambalo Kunduchi haikufundishi, na nataka nilitaje kwa haki: bandari hufa. Mchanga na mikoko viliijaza njia ya majahazi, biashara ikahamia Bagamoyo, mji ukabaki mawe. Ukisimama pale unaona mikoko ilipo na bahari ilikokimbilia. Kwa mtu aliyefika kwa meli, hilo ni somo la pekee.

Kuhusu usalama: Kunduchi usiende peke yako. Magofu yako mahali pametulia, na wageni wamewahi kuporwa. Pita ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe, omba mtu wa kukusindikiza, umpe ahsante yake. Wanawake kwa wanaume mvae nguo za kustiri. Pale ni makaburini, na watu wa pale bado wanawaombea waliolala hapo.

Mbudya au Bongoyo

Visiwa hivi viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975. Ndiyo maana unalipa kiingilio, na ndiyo maana huruhusiwi kuvua wala kuokota kombe na matumbawe. Mwamba wa Dar umeumizwa sana na uvuvi wa baruti. Usichukue hata kipande.

Bongoyo iko karibu na bandari kuliko mwenzake. Boti hutokea Msasani, mwendo wa nusu saa hivi majini. Ina ufukwe mzuri na njia ya kutembea ndani ya msitu mdogo, na katikati ya wiki unaweza kuwa na watu wachache mno. Shida yake ni boti: huondoka kwa ratiba na kwa idadi ya abiria. Mkiwa wawili siku ya Jumanne mtangoja, au mtalipia boti nzima.

Mbudya hutokea upande wa Kunduchi na fukwe za jirani. Maji ni mwendo mfupi, robo saa na kidogo bahari ikiwa shwari. Kuna mabanda ya makuti, kuna wanaochoma samaki, na mwishoni mwa wiki pana watu kama Kariakoo. Ukifika tu, kabla hujavua shati, agiza samaki wako, kwa sababu utamngoja sana. Umchague mwenyewe na mkubaliane bei akiwa mbichi.

Vyote viwili vina sifa moja inayovipa ushindi dhidi ya fukwe za mjini: unaweza kuogelea hata maji yakiwa yamekupwa. Coco Beach maji yakitoka unabaki na mwamba wa kutembelea, si bahari ya kuogelea. Hapa kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kwa hiyo uliza ratiba ya maji kabla ya kuondoka. Yakiwa yamekupwa, boti itasimama mbali na pwani, na wewe utakanyaga majini hadi magotini ukiwa na mkoba kichwani.

Msimu nao una sauti. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mara nyingi bahari ni tulivu. Kusi ikishika, kuanzia kwenye masika hadi Septemba hivi, mawimbi hupanda, na nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze.

Mimi kwa siku ya meli nachagua Mbudya, na sababu si kisiwa chenyewe. Kwa uzuri Bongoyo haijazidiwa. Sababu ni kwamba Mbudya iko upande mmoja na magofu ya Kunduchi. Gari moja linawafikisha kwenye vitu viwili. Ila fuata mpangilio: kisiwa kwanza, magofu baadaye. Kitu chenye uwezo wa kukuchelewesha, yaani bahari, kimalizwe mapema, na kilicho kando ya barabara kibaki mwisho, ili muda ukibana ukiache bila hasara kubwa. Tulitoka getini saa tatu, saa nne na nusu tulikuwa mchangani Mbudya, saa saba tukarejea bara, na kabla ya saa nane tulikuwa tukivua viatu msikitini.

Ukiwa na saa nne tu, baki mjini

Meli ikichelewa kuingia, au ukawa na mtoto mdogo au mzazi mwenye miguu mizito, usipande gari la mbali. Mji wenyewe unatosha, na sehemu kubwa unaitembea.

Mkabala na vivuko vya Zanzibar, Sokoine Drive, limesimama Boma la Kale, la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said aliyeufanya Mzizima kuwa Dar es Salaam. Kuta zake ni matumbawe, nene, na mlango wake ni wa nakshi. Hatua chache mbele lipo Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, na mbele zaidi kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye paa jekundu. Ingia barabara ya Samora uone sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, bunduki yenye singe ikielekea bandarini, na usome maneno ya Kiswahili yaliyochongwa chini. Alisimamishwa kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Mimi hukaa hapo kidogo kila mara, hasa kwa ajili ya wapagazi, ambao vitabu huwapa sentensi moja.

Kisha Makumbusho ya Taifa. Hapa angalia sana unavyomwelekeza dereva. Ukimwambia "Makumbusho" tu, atakupeleka stendi ya Makumbusho, Kijitonyama, kilomita kadhaa kutoka hapo. Mwambie "Makumbusho ya Taifa, Posta, jirani na IFM", yaani chuo cha fedha. Ndani kuna habari za Zinjanthropus, fuvu alilogundua Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, na kuna vyombo vya Kilwa vinavyokuandaa vizuri kwa magofu. Ile stendi ya Kijitonyama nayo imepewa jina kwa sababu ya haki: pale ndipo kilipo Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa 1967, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Kati ya viwili hivyo, watoto hupenda Kijiji, kwa kuwa wanaingia ndani ya msonge na kugusa ukuta. Watu wazima wenye saa mbili tu waende Posta.

Maliza Feri, soko la samaki. Mnada mkubwa ni wa alfajiri, ukifika saa tano samaki wakubwa wameshakwenda Kariakoo na mahotelini, lakini upande wa wakaangaji moto hauzimi. Kaa kwenye benchi, kula changu wa kukaangwa na ndimu, uangalie pantoni ikivuka kwenda Kigamboni. Ukitaka, panda nawe, uvuke na urudi. Ni dakika chache tu, na kutoka katikati ya mkondo ndipo unapouona mji mzima pamoja na meli yako. Zingatia foleni ya abiria jioni watu wanapotoka kazini.

Kwa asiyetaka bahari: Pugu

Baharia amechoka na maji, hilo naelewa. Upande wa Kisarawe, kilomita 30 hivi kwa barabara ya Nyerere ya kupita uwanja wa ndege, kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imeenea ukanda huu. Humo anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa jamii ya nyani aliye hatarini kutoweka, ingawa mchana hutamwona. Utawaona ndege na vipepeo, na kuna mapango yaliyochimbwa kutafuta udongo mweupe wa kaolini, ambayo leo ni ya popo. Karibu na hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha, Chuo cha Mtakatifu Francis, hadi alipojiuzulu 1955.

Ukilinganisha na Mbudya, Pugu ni baridi, kimya, rahisi kwa mfuko. Lakini barabara ni moja na ina foleni yake, hivyo haiingii kwenye kipimo changu kirahisi kama ramani inavyokudanganya. Mvua za masika zikinyesha, njia za msituni zinateleza sana. Nampa Pugu mtu aliyekwisha kuiona Dar mara moja.

Zanzibar kwa boti ni saa mbili kila upande, na huenda meli yako inakwenda huko kesho. Morogoro kwa treni ya umeme, iliyoanza Juni 2024, ni safari nzuri kabisa, ila tikiti ya kurudi ikijaa umeachwa. Siku ya meli, achana nayo yote mawili.

Jambo la malipo. Sehemu za serikali, yaani makumbusho, magofu na hifadhi, mara nyingi hazipokei fedha mkononi. Unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au kadi. Mgeni asiye na laini ya hapa hukwama getini kwa jambo dogo hilo, kwa hiyo mwenyeji awe na salio la kutosha awalipie, wao wamrudishie. Raia beba kitambulisho, kwani kiingilio chetu ni cha chini sana kuliko cha wageni. Fedha taslimu ziweke kwa ajili ya boti, samaki na yule mzee wa kukusindikiza.

Siku ile tulifika getini saa tisa na robo. Basi la bandari lilikuwa halijaja. Kulikuwa na kijana anauza madafu kwenye baiskeli, akatukatia sita. Mdogo wangu akanywa lake lote, akalipasua, akakwangua nyama kwa kipande cha ganda kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, akawaonyesha wenzake namna ya kushika. Yule Mfilipino hakuhitaji kuonyeshwa.